Akiki ya Ziwani

Mimi si mtu wa kushangazwa. Waulize wanaonifahamu huku Tukuyu, kuanzia Bulyaga hadi Kyimo, watakuambia. Nimeona duka la ushirika likiwa na rafu tupu na muuzaji amelala juu ya kaunta, kisha njia ikafunguliwa, kila mtu akaambiwa auze anachoweza, na palepale nikaona sabuni za aina kumi. Nimeona mtu aliyenicheka kwa kuishia darasa la nne akija kuniomba lifti ya pikapu, nami nikampa, akakaa nyuma juu ya mikungu ya ndizi. Nimefungua robota la mitumba nikakuta ndani ya mfuko wa koti meno ya bandia ya mzungu. Sikushtuka. Niliyaosha nikayauza. Kwa hiyo nikisema kuna jiwe moja lilinishinda, jua kwamba silisemi kwa furaha.

Nianze na baba yangu, maana bila yeye jiwe ni jiwe tu.

Baba alipanda huku milimani akiwa kijana, akitokea upande wa Kyela, karibu na ziwa, akaja kuchuma chai. Hakurudi tena. Kule kwenye chai hakuwa na jina, alikuwa na namba. Mnyapara akisimama asubuhi kwenye ukungu aliita namba, na baba aliitika kama vile ndivyo alivyozaliwa. Hata sisi watoto tuliijua ile namba kabla hatujajua kuhesabu kufika huko. Alipokufa tulimzika Lufingo kwenye kipande chake cha shamba, tukamsimamishia msalaba wa mbao, seremala akaandika jina lake kwa rangi nyeupe. Mvua za kwetu si za mchezo. Misimu miwili rangi ikaondoka, wa tatu msalaba wenyewe ukaoza ukalala kwenye majani. Hapo jina la yule mtu likawa halijaandikwa tena mahali popote duniani.

Langu lilikuwa kwenye mlango wa pikapu, kwa herufi nyekundu, na kwenye ubao wa duka. Vyote viwili nilivipata kwa jasho langu, hakuna aliyenisukuma. Lakini kila nilipopita na pikapu ile kwenye kona ya kaburi la baba nilikuwa naona aibu, na mimi si mtu wa aibu.

Sasa jiwe. Chini ya shamba la baba kuna kijito kilichokata ile miamba myeusi ya volkano, na mvua ikinyesha sana hutoa mawe ya duara, yenye ngozi mbaya kama kiazi kilichooza. Mke wangu alichukua matatu akayafanya mafiga. Jioni moja figa moja likapasuka kwa kishindo, sufuria ikapinduka, maharage yote yakaingia motoni. Nilimgombeza. Nilimwambia hata mawe ya kupikia hajui kuchagua. Asubuhi akaniletea nusu ya lile figa kwenye ungo, amelifuta majivu.

Nililigeuza. Ndani kulikuwa na mistari ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine: kahawia, halafu mweupe kama maziwa ya mgando, halafu bluu ya moshi wa jikoni, na katikati kabisa kishimo kimejaa vichembe vinavyong'aa kama sukari. Nilinyamaza. Mimi kunyamaza, wenye kunijua watacheka.

Nikalipeleka kwa sonara wa Bulyaga, mzee mmoja ambaye babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, anatengeneza pete, anatengeneza na saa. Alilishika, akaliweka karibu na jicho lake zima.

"Umeliiba wapi?"

"Mimi siibi, mzee wangu. Mimi nanunua."

"Haya, umelinunua wapi?"

"Jikoni kwangu."

Alicheka mpaka akaweka miwani chini. Kisha akaninyooshea kidole chake chenye pete ya marehemu babu yake, jiwe jekundu lililokolea. "Hii ni akiki. Na hilo lako ni akiki. Lakini sura hiyo sijaiona, na nimeona nyingi. Mnunuzi wa Dar es Salaam ukimpelekea jiwe tu, atakulipa kama kokoto. Akiki huitwa kwa jina la kwao, au la mtu wake. Hii yako ni ya nani?"

"Ya baba yangu," nikasema.

Sikufikiri. Lilitoka lenyewe. Nilipofika nje ya kibanda chake nilikuwa nimekwisha amua: jiwe lile litaitwa kwa jina la baba, litaandikwa kwenye karatasi za wanunuzi, litasafiri hadi Ulaya, na kule watu wasioijua hata Tanzania watamtaja mchuma chai wa Lufingo. Jina lenyewe siliandiki hapa. Sababu itaonekana.

Jumapili baada ya ibada nikaita majirani, nikachinja mbuzi. Nani mwingine angechinja mbuzi kwa ajili ya jiwe? Nikasimama mlangoni, jiwe mkononi, nikalitamka jina la baba mara tatu kwa sauti ya kusikika barabarani. Jirani yangu, mtu asiye na shukrani hata mdomo ukiwa umejaa, akasema, "Tajiri, siku hizi unabatiza hadi mawe?"

"Nabatiza. Wewe una nini cha kubatiza?"

"Mimi namalizia kumbatiza mbuzi wako humu tumboni."

Watu wakacheka. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la vikombe. Nilipolitamka jina mara ya kwanza aliinamisha kichwa. Mara ya pili aliweka sinia chini, hapo hapo kwenye udongo. Mara ya tatu hakuwapo. Nilidhani amekumbuka sufuria jikoni.

Msimu mzima ule kazi ya mawe ilikuwa yake. Niseme kweli, hata kama inaniuma: mimi nilikuwa na maneno, yeye alikuwa na mikono. Alishuka kijitoni na wanawake wenzake, akagonganisha jiwe na jiwe, akasikiliza mlio, akajua lipi lina mistari na lipi ni tope tupu ndani. Hakukosea mara nyingi. Tukajaza magunia sita. Nikimuuliza, "Leo mmepata ngapi?" alijibu, "Ya kwako tumepata kumi na mbili." Ya kwako. Hakuyaita hata siku moja kwa jina nililoyapa, na mimi, mjuaji wa yote, sikuona.

Sonara akanitafutia mnunuzi, bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akizunguka nyanda za juu na dereva wake akitafuta mawe ya kukata mapambo. Akatuma ujumbe kwamba atafika Ijumaa, na kwamba ana kitabu chake ambamo huandika kila jiwe, linakotoka na jina lake. Likishaandikwa humo, ndivyo litakavyoitwa kwenye kila duka atakalouza. Nilisomewa ujumbe ule mara mbili ingawa kusoma naweza.

Mtu mwingine angekaa nyumbani akasubiri. Mimi nilitaka ubao. Nilikuwa nimeagiza Mbeya kwa mchora vibao, mbao nzuri ya mvule, AKIKI YA, kisha jina la baba, herufi za dhahabu zenye kivuli cheusi. Nilitaka yule bwana akifika aukute umesimama penye njia ya kushukia kijitoni. Jumatano nikaondoka na pikapu, nikamwambia mke wangu, "Wakitangulia, wewe wape chai, waonyeshe magunia. Wakikuuliza jina, unalijua." Alikuwa amenipa mgongo, anamenya ndizi.

Ubao niliupata. Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Nilipokuwa narudi, Alhamisi, pikapu ikavunjika springi juu kule Isyonje, ukungu umefunga, mvua ya upande. Nikamwacha fundi chini ya gari, nikaubeba ubao kichwani, nikadandia lori la viazi. Nimeingia Tukuyu nimelowa hadi mifupani, ubao nimeufunga kwa koti langu jipya. Mimi nalowa, jina la baba kavu.

Jirani alinipokea njiani, chini ya mwavuli wake, kama aliyekuwa akinisubiri nipite.

"Ugonile, tajiri! Wageni wako wamekuja wakaondoka. Waliogopa barabara itakatika, wakawahi siku moja. Jiwe lako limeshabatizwa."

"Limebatizwaje?"

"Mimi nilikuwepo. Niliitwa kusaidia kubeba magunia. Yule bwana akatoa kitabu, akamuuliza mama, hili jiwe linaitwaje? Mama kimya. Akauliza tena. Mama akavuta kanga, akajifunika uso mzima. Dereva akacheka, akasema huyu mama hajui. Ya tatu ndipo akasema kitu kwa chini, mimi sikusikia, na yule bwana akaandika."

"Aliandika nini?"

"Mimi nijue kuandika kwa watu?" Akautazama ubao niliokuwa nimeukumbatia, koti limeteleza, herufi moja ya dhahabu inaonekana. Akaguna. "Wewe nawe. Ulitaka mkwe amtaje baba mkwe wake? Umelipa jiwe jina ambalo nyumba nzima wa kulitamka ni wewe peke yako."

Asiye wa kwetu nimweleze. Kwetu mwanamke akiolewa humwogopa baba mkwe. Kinyakyusa tunaita ukutila. Hamtazami usoni, akimwona anakuja huingia migombani, na jina lake halimtoki kinywani, wala neno linalofanana nalo, hata mzee akiwa amekufa. Makanisani wameshasema mambo hayo yamepita, na wasichana wa siku hizi huwaita wakwe zao kama wanaita konda. Lakini mke wangu alilelewa na bibi yake. Miaka yote baba alipokuwa hai, sikumbuki hata siku moja nikiwaona wawili hao kwenye uga mmoja. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyajua kama ninavyojua mkono wangu wa kulia, na nilimwacha peke yake na kitabu cha yule bwana.

Nyumbani nikakuta risiti mezani, imewekewa kikombe isipeperuke. Nikaisoma taratibu. Magunia sita, akiki ya Ziwani.

Ziwani! Kutoka kijito kile hadi ziwani ni kuteremka milima siku nzima. Jiwe lile halijawahi kuliona ziwa. Nilimwita, akaja akasimama mlangoni.

"Ziwa gani?" nikamuuliza. "Wewe unafulia ziwani? Unalima ziwani?"

"Baba, mimi nilisema..."

"Nyamaza."

"Nilisema kwamba ni la..."

"Nimesema nyamaza! Umemfuta baba yangu duniani kwa ajili ya haya zako."

Ule ubao nikaupandisha darini, uso chini. Na kuanzia siku hiyo nikawa na kisa cha kusimulia kilabuni: mke aliyeulizwa jina la jiwe la Lufingo akasema ni la ziwani, kwa kuwa hakuna alichokijua zaidi. Watu walicheka. Nilikuwa nakisimulia vizuri, kila mara naongeza kidogo. Mara mbili au tatu nilikisimulia akiwa yupo, anagawa chakula.

Na jiwe lilipendwa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mwaka uliofuata wanunuzi wengine walianza kuja huku kusini wakiitafuta akiki ya Ziwani, na unadhani walikwenda wapi? Walikwenda ziwani. Walinipita hapa Tukuyu, wakanunua ndizi zangu barabarani za kula njiani, wakashuka Kyela. Kule wajanja wakawaokotea vijiwe vya ufukweni wakawauzia kwa debe. Nilijaribu kuwasimamisha. Nilisimama kando ya gari la mmoja wao na jiwe mkononi nikamwambia, bwana, unachokitafuta ndicho hiki, kinatoka hapo juu. Akaangalia karatasi yake, akaniangalia viatu. "Mzee, hapa imeandikwa Ziwani." Akapandisha kioo. Yule wa kwanza hakurudi tena. Nasikia alihamia kwenye mawe mengine kaskazini. Wanawake wakaacha kushuka kijitoni. Mawe yakarudi kuwa mafiga.

Miaka ikapita. Mimi nikaongeza pikapu ya pili, nikaezeka nyumba upya, sikuanguka, nani wa kuniangusha. Lakini nyumbani mazungumzo yetu yalikuwa chumvi imeisha, mafuta ya taa yameisha, basi.

Halafu nikaenda Dar es Salaam kufuata robota za mitumba. Nikipita mtaa wa maduka ya watalii, ndani ya kioo nikaliona. Limekatwa duara, limesuguliwa, limetobolewa kitundu cha kupitisha kamba. Kahawia, maziwa, bluu ya moshi. Ningelitambua hata gizani kwa kulipapasa. Chini yake kikaratasi kimeandikwa akiki ya Ziwani.

Nikaingia. Nikamwambia dada wa duka, "Hili jiwe linatoka kwangu."

"Karibu, mzee. Linatoka Ziwa Nyasa hilo."

"Linatoka Lufingo. Lilipasukia jikoni kwangu. Mimi ndiye niliyelipa jina."

"Kumbe wewe ndiye uliyeliita Ziwani?" Alikuwa haniudhi, msichana wa watu, alitaka kujua kweli.

Mwenzake aliyekuwa anafuta vioo akasema, "Mzee, unanunua au unaangalia?" Mimi huwa sisemwi hivyo dukani. Nikauliza bei. Wakanitajia, nikawaambia warudie. Gunia zima sikuwa nimeliuza kwa bei ile. Nikalipa. "Na kamba yake, mzee? Kamba inauzwa mbali." Nikasema wekeni na kamba, iwe ya ngozi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilitunga nitakalosema. Nilitaka liwe la kuuma kidogo na la kusamehe kidogo. Nilipofika nikaliweka mezani mbele ya mke wangu, na kamba yake, nikasema, "Haya, mama. Hili hapa jiwe lako la ziwani. Livae, watu wakuone."

Aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. Akaficha mikono mgongoni.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Ni zawadi."

"Siwezi kumvaa yeye."

"Yeye nani?"

Akatazama mlango, akatazama chini, akavuta kanga hadi mdomoni. Mwanamke mwenye wajukuu. "Mtu wa Ziwani," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza, taratibu, na macho yakiwa sakafuni. Kwamba yeye na shemeji yake, mke wa ndugu yangu, wake wawili walioolewa nyumba hii, tangu siku ya kwanza walihitaji namna ya kumsema mzee bila kumtaja. Kwa kuwa alitoka kule chini, walimwita Mtu wa Ziwani. Chakula cha Mtu wa Ziwani. Mtu wa Ziwani anaumwa. Siku aliyokufa, wao wawili walimlilia kwa jina hilo jikoni. Sisi wanaume hatukulijua kwa sababu hatukuwahi kusikiliza.

"Yule bwana aliponiuliza, nilisema, jiwe hili ni la Mtu wa Ziwani. Nilimtaja. Vile ninavyoweza mimi, nilimtaja. Yeye akaandika nusu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia ninyamaze."

Mtu asiyeshangazwa alikaa kwenye kiti chake na koti la safari bado mwilini. Nilitaka kuondoka niende kilabuni, nikakumbuka ni kisa gani ninachokisimulia huko.

Nilimwomba tena alivae, safari hii kwa kumbembeleza, na mimi si mtu wa kubembeleza. Akakataa. Baba mkwe havaliwi shingoni, alisema, na hakuna jinsi ya kumjibu mtu mwenye haki. Siku chache baadaye niliushusha ule ubao darini nikautia kwenye kuni mwenyewe, herufi za dhahabu zikatoa moshi mweusi. Haya ninayoyaandika binti yetu atamsomea mama yake, ndiyo maana jina la baba halimo. Sasa tuko wawili tusiolitaja.

Jiwe limo kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Yeye ndiye anayelifuta vumbi kabati lile, kwa hiyo amelifunika jiwe kwa kitambaa, wasitazamane. Kamba hakuikataa. Alisema kamba haina kosa lolote, akafungia ufunguo wa stoo, na kila akiinama naiona inaning'inia. Jiwe nililipia elfu kumi na nane na mia tano. Kamba mia tano. Jumla shilingi elfu kumi na tisa.